Picha Haijisemei: Kufundisha Altrasaundi katika Chuo cha Kanisa



Nimeombwa hapa Mosocho, Kisii, nizungumzie kazi ya kuongoza mafunzo ya altrasaundi katika chuo kikuu cha Kikristo. Nikitaja kazi hiyo, watu huniuliza maswali mawili. Wa serikalini huuliza mna mashine ngapi. Wa kanisani huuliza kama tunaomba kabla ya kuanza. Mashine hazitoshi, na kuomba tunaomba. Lakini hakuna hata moja kati ya majibu hayo linaloeleza kazi yenyewe.

Kazi yenyewe ni kumfundisha mtu kutoa ushahidi. Anayepima altrasaundi huingia chumba chenye giza, huona kisichoonwa na mwingine yeyote, kisha huandika karatasi ambayo daktari, mkunga na familia nzima wataifuata. Kati ya amri kumi iko ile inayokataza kumtolea jirani ushahidi wa uongo. Waadventista mliomo humu mtaiita ya tisa, Wakatoliki mtaiita ya nane, na mkitoka nje mnaweza kuendelea kubishania nambari. Mimi nasema hiyo ndiyo amri ya chumba cha altrasaundi, na chuo cha kanisa kinachofundisha fani hii kitapimwa kwa hiyo kabla ya kupimwa kwa kitu kingine chochote.

Sauti inayorudi

Nianze na chombo, maana wako bado wanaokiogopa kama eksirei. Eksirei ni mnururisho. Altrasaundi ni sauti tu, ila ni nyembamba mno kwa sikio la binadamu. Sikio letu hukomea kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Probu tunayoiweka juu ya tumbo la mjamzito kwa kawaida hutoa mitetemo kati ya milioni 2 na milioni 5 kwa sekunde. Ukisimama chini ya jabali la Manga ukapaza sauti, sauti yako itakurudia, na mwenye saa nzuri anaweza kukadiria umbali wa jabali kwa muda uliopita. Probu hufanya hivyo hivyo ndani ya mwili. Sauti husafiri katika nyama laini kwa wastani wa mita 1,540 kwa sekunde, na kila inapofika mpakani, iwe ni maji na nyama au nyama na mfupa, sehemu yake hurudi. Mashine huhesabu muda wa kwenda na kurudi, huweka nukta mahali pake, na nukta hizo kwa maelfu ndizo picha.

Hapo pana mambo ambayo kila mwanafunzi lazima ayashike siku ya kwanza. Hewa huizuia sauti, ndiyo maana tunapaka jeli. Mfupa hutupa kivuli, na nyuma ya kivuli hakuna kinachoonekana. La mwisho ndilo kubwa: mashine haijui inachokitazama. Inajua muda na nguvu ya mwangwi, basi. Aliyesema hiki ni kichwa na kile ni kondo la nyuma ni mtu.

Chombo hiki hakikuzaliwa hospitalini. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele za aina fulani zikibanwa hutoa umeme. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Paul Langevin alitumia ujuzi huo kutafuta nyambizi baharini. Baadaye viwanda vikautumia kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Mwaka 1955 daktari wa uzazi wa Glasgow, Ian Donald, alibeba uvimbe uliokatwa kutoka kwa wagonjwa wake mpaka kiwanda cha Babcock & Wilcox kule Renfrew, akaupima kwa mashine ya kukagulia vyuma. Akaona uvimbe wa maji na uvimbe wa nyama hutoa mwangwi tofauti. Mwaka 1958 yeye, John MacVicar na mhandisi Tom Brown walichapisha matokeo yao katika jarida la The Lancet. Miongoni mwa wagonjwa waliowaeleza ni mwanamke aliyedhaniwa ana saratani ya tumbo isiyotibika. Mwangwi ulionyesha uvimbe mkubwa wa maji wa ovari. Ulitolewa, akapona.

Donald alikuwa Mkristo wa msimamo mkali na hakulificha hilo. Lakini jarida halikumpokea kwa sababu ya imani yake. Lilimpokea kwa kuwa alieleza alichopima, alivyokipima, na kilichokutwa baada ya upasuaji, ili mwingine akitaka arudie. Huo ndio ushahidi.

Na msidhani Kenya ilingoja sana. Katika miaka ya 1980, shirika la afya la AMREF lilibeba mashine ndogo za altrasaundi hadi kwa wafugaji wa Turkana kutafuta uvimbe wa hidatidi, ugonjwa wa minyoo ya mbwa ambao ulikuwa umekithiri huko. Watu walipimwa mahali walipokuwa na mifugo yao, mbali na hospitali. Kwa hiyo anayeniambia altrasaundi ni ya mjini, mimi humwelekeza Lokichogio, huko Turkana.

Hospitali kwanza, shule pili, altrasaundi mwisho

Makanisa ya Afrika Mashariki yana historia ndefu na picha za mwili. Mfano ulio karibu nasi zaidi uko Kampala. Hospitali ya Mengo ilianzishwa mwaka 1897 na Albert Cook, daktari wa Church Missionary Society. Mwaka 1907 ikapata mashine ya eksirei inayotajwa kuwa ya kwanza Afrika Mashariki. Mkewe Cook, Katharine, aliyekuwa muuguzi, alianzisha shule ya kuwafundisha wasichana wa Uganda ukunga. Karibu karne nzima baadaye, kwenye uwanja huo huo, Profesa Michael Kawooya na wenzake walijenga taasisi ya mafunzo ya altrasaundi yenye jina la Ernest Cook, daktari wa ukoo huo. Ilishirikiana na taasisi ya altrasaundi ya Jefferson, Philadelphia, chini ya mpango wa Barry Goldberg ambao shabaha yake ilikuwa kuwafundisha walimu, ili kila aliyefuzu akafundishe wengine kwao.

Tazameni mpangilio wa mambo pale Mengo. Hospitali ilitangulia. Shule ya wakunga ikafuata. Mafunzo ya altrasaundi yalikuja mahali ambapo wagonjwa, wakunga na chumba cha upasuaji vilikuwa vimeshakuwepo. Moshi nako ni hivyo: KCMC, hospitali ya rufaa inayosimamiwa na Shirika la Msamaria Mwema, ilifunguliwa mwaka 1971, na chuo kikuu cha tiba kilikua ubavuni mwake.

Sisi huku hatuanzi na mikono mitupu. Waadventista wana hospitali ya Kendu tangu mwaka 1925. Wakatoliki wana Tabaka, hospitali ya Mtakatifu Kamilo, yenye chuo cha uuguzi. Kisii kuna hospitali ya mafunzo na rufaa, na chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, kina kampasi. Chuo Kikuu cha Baraton, ambacho nusu ya familia za Kisii na Nyamira zina mtu aliyepitia huko au anayetamani kupitia, kilipata hati yake mwaka 1991, kikiwa chuo kikuu cha kwanza cha binafsi Kenya kupewa hati, na kinafundisha uuguzi. Vipande vipo. Kinachokosekana ni uzi wa kuviunganisha, na ndio nitakaousema mwishoni.

Mashine peke yake haiokoi

Sasa niseme jambo ambalo wauza mashine hawalipendi. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa iliingia mkataba wa kukodi vifaa kwa hospitali 98, mbili kwa kila kaunti pamoja na zile kubwa za kitaifa. Eksirei na altrasaundi zilikuwemo. Kamati ya Seneti ilipochunguza mpango huo baadaye, malalamiko yaliyosikika kutoka kaunti nyingi yalikuwa yale yale: vifaa vimekaa ndani ya makasha au vyumba vimefungwa, kwa kuwa hakuna mtaalamu, hakuna umeme wa kutosha, au hakuna maji. Mashine ilitangulia, mtu akaachwa nyuma.

Lakini hata mtu akiwepo, habari haijaisha. Uko utafiti uitwao First Look, uliofanyika katika nchi tano: Kenya, Zambia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Pakistan na Guatemala. Huku Kenya ulifanyika upande huu wetu wa magharibi. Wahudumu wa vituo vya mashambani walipewa mafunzo ya msingi ya wiki mbili, wakasimamiwa wiki nyingine kadhaa, kisha wakawapima wajawazito. Vituo hivyo vililinganishwa na vingine visivyo na altrasaundi. Wanawake waliohusika walizidi 40,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: wahudumu waliweza kupima vizuri, lakini vifo vya akina mama na vya watoto havikupungua. Wala wenye matatizo hawakuonekana kwenda hospitali kujifungua zaidi ya wenzao.

Wako waliousoma utafiti huo wakasema altrasaundi ni upotevu wa pesa. Mimi nausoma tofauti. Kondo la nyuma linapoziba mlango wa uzazi, picha huonyesha, lakini picha haimbebi mama. Anayembeba ni gari, tena gari lenye mafuta. Akifika anahitaji chumba cha upasuaji kilicho wazi, mtu wa kumpa dawa ya usingizi, na damu kwenye friji. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, tumempa habari mbaya mapema na hatukumpa kingine. Kulingana na sensa ya 2019, Kenya hupoteza akina mama 355 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Wengi wao hufa kwa sababu zinazojulikana: kutokwa na damu, shinikizo la damu la ujauzito, maambukizi. Altrasaundi inaweza kutahadharisha juu ya baadhi tu ya hayo, tena ikiwa kuna anayesubiri tahadhari hiyo upande wa pili.

Kwa hiyo mtaala wetu hauishii kwenye picha. Mwanafunzi hafuzu mpaka ajue, kwa kila tatizo analoweza kulikuta, ampigie nani, mama aende wapi, aende lini, na aambiweje. Asiyejua nambari ya simu ya wodi ya uzazi anayoitumia kwa rufaa, hata akichora picha nzuri namna gani, bado hajasoma.

Mkono, jicho na kalamu

Mafunzo yana hatua tatu, na kila moja ina namna yake ya kumdanganya mwanafunzi.

Ya kwanza ni mkono. Probu huteleza, huinamishwa, huzungushwa, hubonyezwa, na kila kitendo hubadilisha picha. Mkono haujifunzi kwa slaidi. Unajifunza kwa tumbo baada ya tumbo, mwalimu akiwa kando. Mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya mafunzo ya altrasaundi, na hata ngazi ya chini kabisa ilitakiwa kufanya mamia ya vipimo chini ya usimamizi. Madaktari wa dharura wa Marekani, ambao hutafuta majibu machache tu, chama chao hupendekeza vipimo 25 hadi 50 kwa kila aina ya matumizi. Basi mtu anapokuja na cheti cha semina ya siku tatu hotelini, mimi humpongeza kwa chakula alichokula, kisha namwanzisha mwanzo.

Ya pili ni jicho. Nipeni nafasi niwaonyeshe asubuhi moja ya kawaida. Mwanafunzi ameketi, mama amelala, chumba kina giza. Kichwa cha mtoto kinaonekana kama yai lililolala, na mwanafunzi anafurahi. Anagandisha picha, anaweka alama huku na huku, na mashine inaandika umri wa mimba: wiki 29 na siku 3. Tayari ameshika kalamu.

"Umepima wapi?" namuuliza.

"Kichwani, mwalimu."

"Kichwa ni kikubwa. Mstari wa katikati uko wapi?"

Ananionyesha.

"Na upande huu wa nyuma, hii ni nini?"

Anakaa kimya kidogo. Ni ubongo mdogo wa nyuma, na ukionekana ina maana probu imeinama na kipimo kimechukuliwa mshazari. Anarekebisha mkono, ule mviringo unabadilika kidogo tu, jicho la mgeni halingeona tofauti. Anapima upya, na umri unasogea kwa siku kadhaa. Mama, ambaye amekuwa akifuata yote hayo bila kusema, anageuza kichwa: "Daktari, kwani alikuwa amekosea?" Nami namjibu, mbele ya mwanafunzi: "Alikuwa hajamaliza, mama. Sasa amemaliza."

Siku kadhaa si kitu? Subirini. Katika miezi mitatu ya kwanza, urefu wa mtoto kuanzia kichwani hadi matakoni hukadiria umri wa mimba kwa tofauti ya siku tano hadi saba. Baada ya wiki 28, kipimo kilichofanywa kwa uangalifu wote bado kinaweza kukosea kwa wiki tatu, kwa sababu watoto hawakui sawa. Mashine haisemi hivyo. Inaandika wiki na siku kwa uhakika ule ule. Mhudumu asiyejua hili atafuta tarehe nzuri iliyopatikana mapema, aandike mpya ya mwezi wa nane, na mama ataonekana amepitisha siku zake au hajafika. Kutokana na karatasi hiyo mtu anaweza kuanzishiwa uchungu kabla ya wakati. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2016, lilipendekeza skani moja kabla ya wiki 24. Mapema ndiko kwenye ukweli.

Ya tatu ni kalamu, na hapo ndipo tunapotumia muda mwingi kuliko wanafunzi wanavyotarajia. Ripoti yetu ina sehemu tatu zisizorukwa: nilichokiona, nilichokitafuta nisikione, na nilichoshindwa kukiangalia pamoja na sababu yake. Sehemu ya tatu ndiyo huwatoa jasho. Mwanafunzi aliyelelewa katika shule zetu za mitihani anaamini kuacha jibu wazi ni kufeli. Tunamfundisha kuandika kwamba mgongo wa mtoto haukuangaliwa kwa sababu ya mkao, mama arudi baada ya wiki mbili. Maneno hayo machache yana thamani kuliko kurasa mbili za "kila kitu kiko sawa" zilizonakiliwa kutoka kwa mgonjwa wa jana. Kila mwanafunzi ana daftari la vipimo, kila kipimo kina sahihi ya msimamizi, na vingine hurudiwa na mtu wa pili ambaye hakuonyeshwa jibu la kwanza. Wakitofautiana, tunakaa chini sote watatu.

Mtaniuliza kuhusu mashine mpya. Siku hizi kuna probu unayoichomeka kwenye simu. Mojawapo, iitwayo Butterfly, iliingia sokoni mwaka 2018 kwa bei ya kama dola 2,000, na tangu 2022 mamia ya wahudumu wa Kenya wamefundishwa kuitumia kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwaka huo huo watafiti wa Zambia na North Carolina walichapisha kazi inayoonyesha kwamba programu ya akili unde inaweza kukadiria umri wa mimba kutokana na probu iliyopitishwa tumboni na mtu asiye mtaalamu. Nafurahi kuyaona haya. Gharama inashuka, na kazi ya kupima kichwa huenda ikaachiwa mashine. Lakini programu haiweki sahihi, haiitwi kujieleza kwenye kikao cha kuchunguza kifo cha mama, wala haimtazami mama usoni. Kadiri kupima kunavyokuwa rahisi, ndivyo kutoa ushahidi kunavyozidi kuwa kazi ya mtu.

Ukristo wa chuo uko wapi?

Jumba la ibada tunalo, na kwaya tunayo. Ila mgonjwa haonji kwaya. Anaonja namna alivyofunikwa shuka, lugha aliyosemeshwa, na kama risiti aliyopewa inalingana na pesa alizotoa.

Nichukue mambo yanayotujaribu kila wiki. Swali linaloulizwa zaidi chumbani si la kondo wala la mapigo ya moyo. Ni "ni mvulana au msichana?" Na tunajua kwa nini linaulizwa huku kwetu, na nani aliyetuma liulizwe. India iliona madhara yake hata mwaka 1994 ikatunga sheria ya kukataza wapimaji kutaja jinsia. Kenya haina sheria hiyo. Sisi tunamfundisha mwanafunzi amalize kwanza kazi yote: moyo, mkao, kondo, maji, umri. Jinsia si sehemu ya ripoti isipokuwa kuna sababu ya kitabibu. Mama akiuliza, ajibiwe kwa heshima, peke yake, bila mkwe mlangoni. Na mwanafunzi akiona hofu machoni mwa mama huyo, anajua kuna mshauri wa kumwita.

Jaribu la pili ni pesa. Kituo cha binafsi humlipa mpimaji kwa idadi ya skani, na ghafla kila mama anahitaji skani kila mwezi. Kumwandikia mtu kipimo asichokihitaji ni ushahidi wa uongo pia, hata kama picha yenyewe ni ya kweli.

La tatu ni gumu kulisema Mosocho, lakini ninyi ndio wa kuambiwa, kwa sababu mmeshalikabili. Mji huu unajulikana hadi Ujerumani kwa mradi wa Fulda-Mosocho, ulioanza mwaka 2002, ambao uliamua kupambana na ukeketaji kwa njia ya elimu na maadili, kwa kuwafundisha walimu, wanaume na wanawake kuhusu mwili wa mwanamke na haki yake. Ulionyesha kwamba mtu akielewa mwili ulivyo, desturi hukosa pa kushika. Lakini Kisii pia inajulikana kwa aibu nyingine: ukeketaji uliohamia kwa wauguzi na maafisa wa kliniki, wenye glavu na dawa ya ganzi. Sheria ya 2011 inaukataza waziwazi, na koti jeupe halimwokoi mtu. Waliofanya hayo walikuwa na ujuzi. Walisoma anatomia, walifaulu mitihani. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia darasani kwamba ujuzi bila dhamiri hugeuka kisu. Basi chuo cha kanisa kinachofundisha mikono bila kufundisha dhamiri kitakuwa kinaongeza idadi ya watu hao, tena kwa vyeti vyenye msalaba juu.

Na kwa wenzangu wanaotunza Sabato: mama anayetokwa na damu Ijumaa jioni hangoji jua lizame kesho. Ratiba yetu ya zamu inalijua hilo, na hatujawahi kuona mchungaji aliyeipinga.

Ninayoyaomba kwa Kisii na Nyamira

Kaunti hizi mbili zina watu karibu milioni 1.9 kwa sensa ya 2019. Chini ya Katiba ya 2010, hospitali na vituo vya afya vya umma, isipokuwa hospitali za rufaa za kitaifa, ni vya kaunti. Kwa hiyo maombi yangu yana anuani.

Kwa kaunti: wapelekeni mafunzoni wakunga na maafisa wa kliniki walio vituoni tayari, wala msingoje mpaka kila zahanati ipate mtaalamu. Wafundishwe maswali machache wayajibu vizuri. Mimba iko ndani ya mji wa mimba? Mtoto yu hai? Ni mmoja au wawili? Ana wiki ngapi? Kondo liko wapi? Kinachotangulia ni kichwa au matako? Mengine yote wayapeleke kwa mtaalamu. Chuo Kikuu cha Aga Khan kilishaonyesha hapa Kenya kwamba wakunga wa mashambani wakifundishwa kwa wiki chache wanaweza kupiga picha za msingi na kuzituma kwa mtandao wa simu kwa madaktari wa redioloji, na wakaafikiana nao. Lakini msimtume mkunga mafunzoni mkamhamishia wodi ya macho mwezi unaofuata.

Bajeti nayo isikomee kwenye kununua. Radi za huku mnazijua, na mashine isiyo na kizuia umeme na betri ya akiba haimalizi mvua za masika. Probu ikianguka sakafuni mara moja fuwele zake zaweza kupasuka, na bei yake inatisha. Jeli huisha. Wako waliojaribu uji mzito wa unga wa mhogo au mahindi badala ya jeli na ukafanya kazi, lakini hilo ni jibu la dharura, si mpango wa kaunti.

Kwa hospitali za kanisa, Kendu, Tabaka na nyinginezo: fungueni milango kwa wanafunzi wa vyuo vyote, si vya dhehebu lenu peke yake. Tumbo la Mkatoliki humfundisha Mwadventista, na kinyume chake. Vyuo vikubaliane daftari moja la vipimo na mtihani mmoja wa vitendo, ili sahihi ya msimamizi wa Tabaka iheshimiwe Kendu na KMTC. Huo ndio uzi niliousema.

Kwa makanisa: akina mama wengi huanza kliniki mimba ikiwa na miezi mitano au sita, na hapo tumeshapoteza kipimo bora cha umri. Hakuna kaunti inayoweza kuwafikia kama vikundi vya wanawake wa kanisa, Dorkasi wa Waadventista na CWA ya Wakatoliki, wanavyowafikia. Tangazo moja baada ya ibada, kila mwezi, kwamba mwenye mimba aende kliniki mapema na skani ifanyike kabla ya wiki 24, linaweza kufanya kazi kuliko bango la barabarani. Na kwa kuwa tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya bima ya afya ya NHIF, wasaidieni akina mama kujiandikisha mapema, wasije wakagundua mlangoni mwa wodi kwamba hawamo.

Kwa wanafunzi, nimalizie na ninyi. Siku moja utakuwa peke yako kituoni, saa nane usiku, na picha haitakuwa wazi. Mama atakuwa na uchungu, ndugu watakuwa wanagonga mlango, na daktari kwenye simu atakuuliza unaona nini. Utatamani kusema jambo lenye uhakika ili watu watulie. Mwambie unachokiona. Mwambie usichoweza kukiona. Kisha mwandalie mama safari, kwa sababu pasipo na uhakika mgonjwa hupelekwa mbele, habakizwi. Ukifanya hivyo umeitunza amri, iwe kwako ni ya nane au ya tisa, na chuo kilichokupa cheti hakitaona haya kwamba jina lake limo humo.